Alkaliniti inagoma kupanda? Pima magnesiamu kwanza
Wenye matangi mapya ya matumbawe, alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi) ikigoma kupanda msikimbilie kumwaga dawa zaidi. Magnesiamu ikishuka chini ya miligramu 1,200 kwa lita, kalsiamu na kaboneti hushikana kirahisi na kuganda kuwa chokaa; mtaiona nyeupe kwenye hita na pampu. Ipandisheni hadi 1,300 hivi, ndipo mrudi kwenye alkaliniti (digrii 8 hadi 9 za dKH, kipimo cha alkaliniti, si joto) na kalsiamu (miligramu 420 kwa lita).

Kupandisha alkaliniti, soda ya kuokea inatosha kabisa. Gramu 3 hupandisha lita 100 kwa digrii moja, na mimi sivuki digrii hiyo moja kwa siku. Iyeyusheni kwenye maji yaliyochujwa, mmimine polepole penye mkondo, saa kadhaa mbali na kalsiamu. Si hamira jamani, wala magadi ya maharage! Magadi yana kaboneti, hurusha juu pH (kipimo cha uasidi wa maji) ghafla.

Halafu mvuke huondoa maji tu, chumvi hubaki. Jazieni kila siku maji yasiyo na chumvi, kipimo cha chumvi kikae gramu 35 kwa kilo ya maji ya tangi. Amonia na nitriti (sumu zitokanazo na uchafu wa tangi) zisiposoma sifuri, matumbawe yasubiri dukani.