Geti zuri, pembeni kichaka: mambo niliyoyaona Namanga

Wiki iliyopita nilikuwa naenda Nairobi, nimepanda kosta ya alfajiri pale Arusha, nimelala njia nzima mpaka naamshwa na kelele za akina mama wa Kimasai wanagonga vioo na bangili zao za shanga, "yero, nunua", ndo nikajua tumefika Namanga, mpakani na Kenya. Nikashuka haraka na begi langu, miguu ikanipeleka yenyewe kwenye jengo la upande wetu, nikajipanga foleni kama mtu anayejua anachofanya. Nimekaa kama dakika ishirini hivi. Mbele yangu wazungu na mabuti yao ya safari, nyuma yangu mama na mtoto mgongoni, na mimi wala sishtuki kwamba hawa wote wanaingia Tanzania wakati mimi natoka. Askari mmoja akaniangalia, akaangalia pasipoti mkononi, akauliza, "Kaka, unatoka au unaingia?" Nikamwambia natoka. Akacheka. "Sasa huku si kwako, vuka ng'ambo."

Yaani nimesafiri miaka yote hii halafu kichwa bado kiko zamani. Zamani ulikuwa unagongewa mhuri upande wetu, unavuta begi juani katikati pale ambapo si kwetu si kwao, wa kubadilisha hela wanakufuata kama nzi, unafika upande wa pili unaanza foleni upya. Siku hizi ukitoka Tanzania unanyoosha moja kwa moja mpaka jengo la Kenya, ndani ya jengo hilohilo kuna dirisha la Mtanzania anakugongea kutoka, hatua mbili mbele kuna dirisha la Mkenya anakugongea kuingia. Anayetoka Kenya naye vivyo hivyo, anamalizia kwetu.

Mtu anaweza kuona ni jengo tu limejengwa, lakini jengo bila sheria lingekuwa godauni. Fikiria, ofisa wa uhamiaji wa Tanzania amekaa kwenye kiti kilichopo ardhi ya Kenya, amevaa sare zake, na anaweza kukukatalia kutoka kwa sheria ya Tanzania ukiwa umesimama Kenya. Kwa mamlaka gani? Hapo ndo inakuja ile Sheria ya Vituo vya Pamoja Mipakani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016. Imechora eneo maalum pale mpakani, ikasema ndani ya eneo hilo maofisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi zao, kila mmoja kwa sheria ya kwao. Rusumo na Rwanda wakafungua 2016, Mutukula na Uganda 2017, Namanga yenyewe Magufuli na Uhuru walikuja kuizindua Desemba 2018, mwaka uliofuata ikawa Tunduma na Zambia. Mimi naipenda hii sheria, nisionekane mtu wa kuponda kila kitu. Lori la mzigo linakaguliwa sehemu moja, forodha wa huku na wa kule wanaangalia konteina lilelile, wanaulizana palepale, mjanja wa kusema huku vitenge kule nyanya anapata tabu kidogo.

Ila sasa. Ukisimama pale getini ukageuza shingo kulia au kushoto unaona nini? Miti ya miba, mbuzi, ule mlima wa Ol Doinyo Orok umekaa kimya, na kijana wa bodaboda anakatiza na abiria wake wala hana habari na skana. Mpaka wetu na Kenya ni zaidi ya kilomita 700 kutoka Ziwa Victoria mpaka baharini, na vituo vya maana vya kuvukia unavihesabu kwa vidole na vidole vinabaki.

Wenzetu Kenya nao wamehangaika na hili kwa sababu nzito kuliko zetu. Baada ya Al-Shabaab, wale magaidi wa Somalia, kushambulia duka la Westgate Nairobi 2013, na yale mauaji yao ya Mandera ya 2014, wakatunga sheria ya usalama mwezi Desemba mwaka huohuo kwa mbio, bungeni watu karibu wachaniane mashati, Februari iliyofuata Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane. Lakini kuna kitu kilibaki ambacho watu hawakukisemea sana, kamati ya kuratibu mipaka, kwamba uhamiaji, polisi, ushuru, usalama wa taifa, bandari, viwanja vya ndege, wote wakae meza moja badala ya kila mtu na kitabu chake. Hicho kwangu kina akili kuliko ule uzio walioanza kuujenga mpaka wa Somalia 2015, ambao ulipiga kilomita chache ukasimama. Uzio unaoishia njiani mtu anauzunguka tu, hata ng'ombe anajua.

Sasa niwaambie kuhusu mama mkubwa wangu. Anauza vitunguu, vile vya Mang'ola, vyekundu vimekaza, Wakenya wanavipenda balaa. Mzigo wake hata ukiujumlisha wote haufiki dola 2,000, na chini ya hapo kuna utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, unajaziwa karatasi moja ya kuonyesha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya, hulipi ushuru wa forodha. Nilimweleza haya kwa furaha kabisa, nikidhani namletea habari njema. Akaniangalia hivi. "Baba, hiyo karatasi naijua kabla hujaota ndevu. Na ile ya afya ya mimea? Na siku mtandao umekata? Vitunguu vinaota mimi nimekaa kwenye benchi?"

Nikanyamaza.

Maana ana hoja. Karatasi moja inafuta ushuru, halafu zinabaki zingine ambazo si za forodha, kila moja na dirisha lake. Na mwenye gunia sita anapoteza siku nzima sawasawa na mwenye semi, tofauti mwenye semi ana wakala wa kumkimbizia. Bodaboda wa kichakani anachukua hela yake anakuvusha nusu saa. Kwa hiyo kila ukiongeza ukaguzi getini bila kuongeza spidi getini, unamfanyia bodaboda matangazo ya bure. Na njia anayopita mama mkubwa na vitunguu ndo hiyohiyo anayopita mwenye nia mbaya, tena anajificha vizuri katikati ya akina mama. Hilo ndo linaniudhi, kwamba tunaliita suala la usalama halafu tunalishughulikia kama suala la mapato.

Mnakumbuka vifaranga? Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilikamatwa Namanga vikitokea Kenya, serikali yetu ikavichoma moto vikiwa hai, sababu mafua ya ndege. Sheria ya magonjwa ya mifugo ilikuwepo na hofu ya ugonjwa ilikuwa halali, sikatai, lakini ile picha Wakenya hawajaisahau mpaka leo, ukikaa nao Nairobi lazima mmoja akutupie. Halafu 2020 wakati wa corona Kenya ikafunga mpaka, malori tu ndo yanapita na madereva wanapimwa, foleni ya malori ikawa haina mwisho, madereva wanalala chini ya matela. Geti limefungwa kwa amri ya rais, kichakani maisha yanaendelea, ukitaka kujua nani alikuwa na virusi na nani hana basi kaulize mbuzi.

Ningekuwa mbunge (msicheke) ningeanza na dirisha moja la wenye mizigo midogo, mtu wa afya ya mimea akae humohumo na mhuri wake, mtandao ukikata waandike kwenye daftari kama babu zetu, mtu apite. Ukishawatoa akina mama kichakani, atakayebaki kule usiku utajua huyu si muuza vitunguu.

Nilivyorudi Arusha nikampigia mama mkubwa, shikamoo, marahaba, nikamuuliza mzigo wa juzi umefika salama? Umefika, umeisha wote. Nikauliza, ulipitia wapi?

"Wewe mtoto, mambo hayo hayaulizwi kwenye simu."