Mswaki wa usiku ni kazi ya mkubwa

Jumapili, saa tatu usiku

Saa hizi ndipo linaposikika lile swali majumbani: "Umepiga mswaki?" Na jibu lake, "Ndiyo, mama," linatoka kwa mtoto aliyekwisha kujifunika shuka. Ukienda kuushika mswaki unakuta umelowa kweli, kwa hiyo mtoto hajasema uongo. Ameutia mdomoni, akautafuna kidogo, akaupitisha meno ya mbele mara nne tano, akatema, akasukutua kwa kikombe kizima cha maji. Magego hayakuguswa, na dawa ya meno yote imekwenda na yale maji.

Nikiliwaza swali hilo naona kosa liko kwetu tunaouliza. Tunamdai mtoto kazi ambayo mkono wake bado hauiwezi. Kusugua nyuma ya gego la mwisho kunataka kifundo cha mkono kinachojua kwenda hatua ndogondogo, na huo ni ufundi unaokuja kwenye miaka saba au minane. Kipimo kizuri ni kamba za viatu: mtoto anayejifunga mwenyewe, fundo likakaa, anaweza kuanza kuachiwa mswaki huku anatazamwa. Kabla ya hapo mwache aanze yeye, maana anapenda na ni haki yake kujifunza, kisha mkubwa amalizie. Akiwa amechoka na ni lazima mmoja tu apige, basi apige mkubwa.

Asubuhi ina nafasi yake, ila usiku ndio wenye hatari. Ukoga unaoganda kwenye meno una vijidudu vinavyokula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo inayeyusha madini ya jino. Mchana mate yanaiosha na kuyarudisha madini, japo huchukua nusu saa au zaidi kila mtoto anapokula kitu kitamu. Mtoto akilala, mate yanapungua mno. Chai ya maziwa yenye sukari aliyoinywa mwisho, uji wa chupa anaolala nao mdomoni, hata dawa ya kikohozi iliyo tamu, vyote vinabaki pale hadi alfajiri bila wa kuviosha. Wazee walisema jino limeliwa na mdudu, na walikuwa wameona sawa kwamba kuna kinachokula. Mlo wenyewe unaliwa zaidi usiku.

Kuna neno moja linaloniumiza kila ninapolisikia: "Hayo ni ya utotoni, yatang'oka tu." Ya mbele ndiyo yanayong'oka kwenye miaka sita au saba. Magego ya utotoni yanakaa hadi miaka kumi, kumi na mbili. Mtoto wa miaka minne mwenye gego lililotoboka ana miaka sita au zaidi ya kutafunia jino hilo, na ganda lake gumu ni jembamba kuliko la jino la ukubwani, kwa hiyo tundu linafika haraka kwenye mshipa wa fahamu. Liking'olewa mapema, majirani zake wanaliinamia pengo na jino la ukubwani linakosa njia.

Sasa vita vyenyewe, pale mtoto anapokataa mswaki. Vita vingi vinatokana na jinsi tunavyosimama. Ukimkabili mtoto uso kwa uso na kumsukumia mswaki, kichwa chake kinarudi nyuma na mdomo unafungwa, hata mtu mzima angefanya hivyo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu mlaze chali, kichwa kikae mapajani pako, kama anayesukwa nywele. Hapo unayaona meno yote na mikono yako miwili iko huru. Mkubwa kidogo msimamishe, wewe uwe nyuma yake, kichwa chake kiegemee kifuani au tumboni mwako, kidevu kiinuke kidogo. Kidole cha mkono usioshika mswaki kiingie kati ya shavu na ufizi, kikivuta shavu pembeni. Kikikaa huko nje ya meno hakiumwi.

Kwa mdogo anayelia ukigusa meno ya mbele ya juu, kuna sababu ambayo wengi hawaijui. Ndani ya mdomo wa juu, katikati, kuna kijinyama kinachoushika mdomo kwenye ufizi. Mswaki ukikikwaruza kinauma sana. Kifunike kwa kidole huku ukisugua, na mara nyingi kilio kinaisha.

Anza nyuma. Ukianza mbele, uvumilivu wa mtoto unaishia mbele, na kila usiku magego yanabaki yale yale. Mimi ningeanza upande wa ndani wa magego ya chini, kando ya ulimi, ambako karibu kila mtoto anaparuka. Mswaki uwe laini, kichwa chake kidogo, umelazwa mshazari ili nywele zake ziguse pale jino linapokutana na ufizi. Sugua taratibu kwa mizunguko midogo, hesabu hadi kumi, sogea. Mzunguko mzima ni kama dakika mbili. Ufizi ukitoa damu wazazi wengi huacha, wakidhani wameumiza, kumbe mara nyingi ni ukoga uliokaa ndio umeuvimbisha. Endelea kwa upole kila siku. Isipokoma baada ya wiki mbili hivi, mpeleke kwa daktari wa meno. Na meno yaliyobanana hayafikiwi na mswaki hata ufanyeje. Kati ya magego mawili ya utotoni ndipo matundu yanapojificha, na hapo panataka uzi wa meno.

Dawa ya meno kwenye matangazo hujazwa mswaki mzima. Kwa mtoto ni upotevu, tena anaimeza. Chini ya miaka mitatu kiasi ni punje ya mchele. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, punje ya njegere. Kabla ya kununua geuza boksi usome floraidi, ile inayoimarisha jino, ni kiasi gani: tafuta ppm (sehemu kwa milioni) 1000 hadi 1500. Baadhi ya zile zenye picha za katuni na ladha ya matunda zina 500 tu, nyingine hazina kabisa, na dawa ya kawaida ya bei nafuu yenye 1450 ikiwekwa kwa kipimo cha mchele inafanya kazi kuliko hizo.

Baada ya hapo ateme tu. Najua kusukutua kumetukaa damuni, lakini maji yanaondoa floraidi iliyotakiwa kubaki kwenye meno usiku kucha. Kwa mtoto anayeswali, udhu na Isha vitangulie, mswaki uwe wa mwisho. Anayejaribu kufunga naye asugue baada ya daku, si kabla.

Kuhusu vitamu nitasema moja tu: mara ngapi mtoto anakula vitamu kuna uzito kuliko anakula kiasi gani. Pakiti ya ubuyu inayofyonzwa punje moja moja kuanzia saa nane hadi jioni inaliweka jino ndani ya asidi mchana mzima. Bora aile yote kwa mara moja, baada ya chakula, anywe maji, basi.

Walioko Arusha, Meru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa wana swali lao, kwa nini meno yanakuwa ya kahawia, na lina haki ya kujibiwa kwa makini. Meno ya kahawia huko yanatokana na floraidi nyingi inayomezwa wakati meno bado yanaumbwa ndani ya ufizi, yaani miaka ya utotoni, kutoka kwenye maji na pia magadi yanayowekwa kwenye maharage na makande. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Maji ya mvua, yakivunwa vizuri, yanasaidia kwa kunywa na kupikia chakula cha mtoto. Mswaki usiachwe, kwa kuwa jino la kahawia nalo linatoboka. Ila kipimo cha dawa kifuatwe bila kuzidisha, mtoto afundishwe kutema, na daktari wa meno wa pale aulizwe.

Mara moja kwa mwezi, mchana wenye mwanga, nyanyua mdomo wa juu wa mtoto. Mstari mweupe kama chaki kando ya ufizi ndiyo dalili ya kwanza, na hapo bado jino linaweza kurudi kwa mswaki na floraidi. Rangi ikishakuwa ya kahawia na pameingia shimo, halirudi. Hata hivyo tundu dogo si lazima liogopwe kwa sababu ya mashine: kuna namna ya kulikwangua kwa vifaa vya mkono na kuliziba kwa saruji ya meno inayotoa floraidi, bila umeme, mara nyingi bila sindano. Njia hiyo ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Ulizia.

Halafu kuna gego la miaka sita. Linaota kimyakimya nyuma ya magego ya utotoni, hakuna jino lililong'oka kulipisha, kwa hiyo wazazi hulidhani la utotoni. Ni la kudumu. Uso wake una mifereji ya kina inayonasa chakula, na kwa miezi kadhaa linakuwa fupi kuliko majirani zake, mswaki ukipita juu kwa kawaida haulifikii. Uingize mswaki kutoka pembeni mwa shavu, ukiwa umekingama, ulisugue hilo peke yake.