Gia Kwanza, Mapafu Baadaye: Kupanda Kutoka Kerio Hadi Iten

Barabara inayotoka bonde la Kerio, nchini Kenya, kupitia Tambach hadi Iten inakupandisha zaidi ya mita 1,000. Iten yenyewe iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mkishindana hapa kwa baiskeli dhidi ya saa, kila mmoja akiachiwa peke yake, hakuna mgongo wa mwenzio wa kujikinga upepo, na mwendo ni mdogo kiasi kwamba mgongo huo usingekusaidia sana. Wengi hushindwa wakiwa bado kwa fundi, kwa sababu wamekuja na gia nzito.

Piga hesabu. Tairi la baiskeli ya mashindano likizunguka mara moja husogea kama mita 2.1. Ukiwa na meno 39 mbele na 25 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakupeleka karibu mita 3.3. Kwa kilomita 10 kwa saa, mwendo wa heshima penye mwinuko mkali, miguu inazunguka mara 51 tu kwa dakika. Mapaja yatakwisha mapema, pumzi ikiwa bado ipo. Weka 34 mbele na 32 nyuma: mwendo uleule, mizunguko 75. Mwenye kuona aibu ya gia nyepesi ataiacha aibu hiyo njiani.

Kabla ya kununua kaseti (seti ya gia za nyuma) yenye gia ya meno 32, kagua kibadili gia cha nyuma. Chenye mkono mfupi wa kushika cheni mara nyingi hukomea meno 28 au 30. Cheni nayo ipimwe upya: izungushe kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kibadili gia, kisha pale ncha zinapokutana ongeza vipande viwili. Ikiwa fupi kuliko hapo, siku utakayoweka kubwa kwa kubwa itang'oa kibadili gia. Halafu rekebisha skrubu ya kikomo, ile inayozuia kibadili gia kisivuke kuelekea spoku. Ikilegea, cheni huruka gia kubwa ya mwisho na kuzama kwenye spoku, tena pale pale unapoitafuta gia nyepesi kuliko zote.

Uzito una maana, ila si kama wauza vipuri wanavyosema. Wewe na baiskeli mkiwa kilo 75, kilo moja ni asilimia 1.3, yaani sekunde 40 na kitu kwa mpando wa saa nzima. Toa pampu, taa na mkoba wa chini ya kiti. Chupa moja ya maji badala ya mbili tayari imekupunguzia zaidi ya nusu kilo. Breki usitoe hata moja.

Mazoezini, tafuta kilima cha dakika 10 hadi 12, ukipande mara tatu kwa juhudi inayokuruhusu kusema maneno matatu tu kwa pumzi moja, mara mbili kwa wiki. Wiki ya shindano punguza wingi wa mazoezi, ila bakiza vipande vifupi vikali.

Bondeni kuna joto, kwa hiyo dakika 15 za kupasha misuli zinatosha. Jimwagie maji kichwani na shingoni kabla ya kuondoka. Dakika kumi za kwanza ziwe rahisi kiasi cha kukuudhi. Ukimaliza nguvu zote chini, huku juu hakuna hewa ya kukurudisha: Iten kanieneo ya hewa ni takriban robo tatu ya ile ya Mombasa. Badili gia kabla mwinuko haujakaza, ukilegeza mguu kwa nusu mzunguko. Ukibadili gia huku unakanyaga kwa nguvu zote, cheni huweza kudondoka. Kaa kwenye kiti, usimame kwenye kona kali tu.

Ukimaliza, vaa jaketi kabla ya kushuka, maana jasho hupoa upesi. Breki za rimu usizishike mfululizo: rimu hupata moto hadi tyubu ikapasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia.