Siku moja ya mkunga Goma: mbabula, mazuku na kondo la nyuma

Saa 12 asubuhi. Mtaa wetu wa Birere umeamka na moshi. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinapita na makala, nami napanda moto, yaani pikipiki, kwenda kazini.

Saa 2. Siku ya wajawazito. Mmoja, mimba ya wiki 9, anasema usiku huingiza mbabula, jiko la makala, chumbani kwa ajili ya baridi.

“Muganga, ile moshi inaweza umiza mutoto?”

“Hata moshi ukiisha, mama.”

Monoksidi ya kaboni, gesi ya makala yanayowaka, haionekani wala hainuki, na hushika hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Namwambia mbabula ilale nje. Ananitazama kama vile sijawahi kulala Goma siku ya mvua.

Saa 5. Nawaambia wanafunzi wa ukunga kwamba mwili wenyewe hutengeneza gesi hiyohiyo, kidogo sana, na kondo la nyuma linaihitaji. Wanacheka. Kwetu gesi ni mazuku, ile hewa nzito inayojaa mabondeni na kuua mbuzi. Basi nawatajia gesi zote tatu za namna hiyo mwilini: oksidi ya nitriki, monoksidi ya kaboni, na salfidi ya hidrojeni yenye harufu ya yai viza. Hazibishi hodi, hupenya moja kwa moja kwenye seli na kulegeza misuli ya mishipa ya damu. Furchgott, Ignarro na Murad walipata Nobel mwaka 1998 kwa kazi yao juu ya ile ya kwanza.

Mimi huvutiwa zaidi na wiki 10 za mwanzo. Seli za kondo huziba midomo ya mishipa ya mama, kwa hiyo mimba huanza kukua kwenye oksijeni haba. Huku seli nyingine zinaingia kwenye kuta za mishipa hiyo, zinaondoa misuli, zinaipanua. Gesi hizo zinahusika humo. Mishipa ikibaki myembamba, tansio, yaani shinikizo la damu, huweza kupanda miezi baadaye, na hapo ndipo sisi tunashtuka.

Saa 8 mchana. Mama aliyekuwa na tansio amejifungua salama. Naosha kondo, naligeuza upande wa mama, napapasa vipande vyake kimoja kimoja. Vyote vipo. Pembeni kuna sehemu nyeupe, ngumu chini ya kidole: damu haikufika pale. Kila mwanafunzi anaigusa.

Saa 10. “Sasa si tuwape dawa ya kuongeza nguvu ya ile oksidi ya nitriki?” mmoja anauliza. Swali zuri. Uholanzi walijaribu sildenafili, dawa ya namna hiyo, kwa mimba ambazo mtoto alikuwa hakui vizuri. Mwaka 2018 wakasimamisha, kwa kuwa watoto kadhaa walikufa kwa matatizo ya mapafu. Kwa walio hatarini kupata tansio ya mimba tuna asprini ya dozi ndogo, ianzwe kabla ya wiki ya 16. Kwa hiyo yule wa mbabula namtaka arudi mapema, asingoje tumbo lionekane.