Nilivyojifunza kutuliza akili kwa kufuata pumzi

Kilichonisukuma ni swala. Nilikuwa nasimama kwenye msala, natia nia, nafika katikati ya Alhamdu na tayari nipo dukani: mzigo wa matairi haujafika, fulani hajalipa, kodi ya fremu inakaribia. Nikitoa salamu sijui kama nimeswali rakaa tatu au nne. Usiku nao ulikuwa hivyohivyo. Nauza vipuri vya pikipiki hapa Ngamiani, Tanga, na biashara ya kukopeshana haimwachi mtu alale. Saa tisa usiku macho makavu, napiga hesabu ya madeni ambayo saa hiyo hakuna wa kuyalipa.

Aliyenielekeza ni tabibu aliyenipima presha. Ilikuwa imepanda kidogo. Aliponieleza habari ya chumvi akaniuliza pia nalalaje. Akanisimulia mazoezi ya kutafakari kwa pumzi, kwamba kule Marekani mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliyaingiza hospitalini mwaka 1979, kwenye chuo cha udaktari cha Massachusetts, akiwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu. Asili yake ni Wabudha. Hapo nikasita, nikaenda kwa ustadhi aliyenisomesha chuoni nikiwa mdogo.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia pumzi ni ya Mungu, haina dhehebu, na kwamba mwanachuoni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishaeleza kwa kirefu habari ya kuhudhurisha moyo kwenye swala. Akanikumbusha ndugu zetu wa tarika ya Kadiria, jinsi pumzi yao inavyokwenda pamoja na zikri, ule utajo wa Mungu. "Kaa uitulize akili, halafu ikishatulia uje nayo kwenye swala." Nikatoka pale na moyo mweupe.

Nakaa baada ya alfajiri, kabla ya chai, dakika kumi hivi. Nakalia mto mgumu wa sufi ili nyonga ziwe juu kuliko magoti. Ukikaa sakafuni hivihivi mgongo unapinda na miguu inakufa ganzi upesi. Mwenye magoti mabovu akae kwenye kiti, nyayo zote chini, mgongo bila kuegemea. Simu inabaki chumba kingine. Akili naiweka puani, pale hewa inapoingia ya baridi na kutoka ya uvuguvugu. Siivuti kwa nguvu. Kila nikishusha pumzi nahesabu, moja hadi kumi, kisha narudi moja. Nikipotea njiani, narudi moja.

Mwanzoni hata nne ilikuwa mbali. Hapo ndipo wengi wanapoacha, wakidhani wao hawawezi, na inaniuma kila nikisikia hivyo. Akili kutangatanga ndiyo kawaida yake. Ile nukta unapogundua kwamba umeshaondoka, ukarudi kwenye pumzi bila kujigombeza, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukirudi mara mia, umefanya mazoezi mara mia.

Kilichonifaa zaidi ni kulitaja wazo. Njia hii imeenezwa sana na mtawa wa Burma, Mahasi Sayadaw (1904–1982): wazo likija, unalitaja kimoyomoyo, kisha unaliacha lipite. Deni. Duka. Hasira. Baada ya muda niligundua jambo lililonishangaza: mawazo yangu yalikuwa machache mno, yaleyale yakibadilishana zamu.

Jaribu hili sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uusikie mshipa. Vuta pumzi: mapigo yanaharakisha kidogo. Ishushe taratibu: yanapungua. Kuna neva inaitwa vagasi, inashuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, nayo ndiyo inayoupunguzia moyo kasi. Kwa hiyo siku hizi nikishtuka saa tisa siutafuti usingizi; narefusha tu pumzi ya kutoka. Mara nyingi nalala tena, japo si kila usiku.

Faida niliiona kwanza dukani. Kijana wa bodaboda alirudisha kabureta, inanuka petroli, akaibwaga mezani mbele ya wateja: "Mzee, umeniuzia bovu, nipe hela yangu!" Joto likanipanda shingoni, taya zikakaza, na safari hii nililiona joto lenyewe likipanda. Nikalitaja ndani kwa ndani, hasira, nikashusha pumzi moja. "Mdogo wangu, hebu tuifungue pamoja." Ile sindano ya kufungia petroli ilikuwa imenasa uchafu. Tukaisafisha, akaondoka nayo.

Kwenye swala mambo yamekuja polepole. Akili bado inatoka, ila naikamata kwenye aya ileile, wala haifiki Kariakoo kununua mzigo.

Wapo ambao nisingewashauri waanze kama mimi. Mwenye msiba mbichi, au aliyepitia mateso makubwa, kukaa kimya peke yake kunaweza kumfufulia maumivu. Huyo afumbue macho, akae dakika mbili tatu tu, au atembee taratibu akizisikiliza nyayo zake, na aonane na mtaalamu wa afya ya akili. Presha yangu pia naendelea kuipima kila ninapopangiwa, na siku nikiandikiwa dawa nitaimeza.