Kisima cha mita 34 kilichonipa maji ya bahari

Nilipomaliza kujenga nyumba yangu Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, nilikuwa na haraka na nilikuwa na fedha kidogo mkononi, na mteja wa namna hiyo ndiye wachimbaji wa visima wanayempenda. Kampuni niliyoiita ilinieleza kwamba kadiri unavyokwenda chini ndivyo maji yanavyozidi kuwa matamu, nami sikuuliza hata swali moja. Mashine ilitoboa mwamba wa matumbawe hadi mita 22, tukayaonja maji, tukapongezana, nikalipa.

Wiki tatu baadaye mke wangu alionja chai ya asubuhi akaniuliza kama nimekosea kopo la sukari. Kampuni ikarudi na shauri lile lile: tuongeze kina. Nilikubali, na aibu hiyo ninayo hadi leo. Tulipofika mita 34 sabuni iligoma kabisa kutoa povu, birika likajenga ukoko mweupe, na mipapai yangu miwili ikaungua ncha za majani. Ukijumlisha na chakula cha mafundi, zilizozama mle ni milioni saba au nane za shilingi. Hesabu kamili sitaki kuikumbuka.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa kijijini ambaye amechimba visima kwa sururu na mtaimbo tangu ujana wake. "Mwanangu," aliniambia, "maji matamu yamekaa juu ya ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Wewe umeyapita mafuta." Baadaye nilisoma kwamba Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani waliipigia hesabu habari hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita: kwa kuwa maji ya bahari ni mazito kidogo, kila sentimita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inalingana na takriban sentimita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ubaya wake ni kwamba pampu ikishusha maji kwa sentimita 10 tu, chumvi inaweza kupanda kutoka chini kwa hadi mita 4.

Hata hivyo nilitaka kuona kwa macho yangu, na hapa naomba niruhusiwe kujisifu. Nilichukua chupa ya dawa ya kikohozi, nikaifunga jiwe chini ili izame, nikaiziba kwa kizibo kilichofungwa uzi wake wa pekee. Baada ya kukiacha kisima kitulie kwa siku kumi bila kuvuta maji, niliishusha chupa kwa kamba yenye fundo kila mita moja, na kila nilipofika kina nilichokitaka niliuvuta uzi, kizibo kikatoka, chupa ikajaa maji ya hapo hapo. Watoto wa jirani walidhani navua samaki. Nilipanga vikombe kumi na viwili barazani na kuvionja kimoja kimoja: vitatu vya kwanza vilikuwa vitamu, cha nne kilitia shaka, na kuanzia cha sita nilikuwa natema. Nilirudia wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na ule mpaka ukawa umepanda kwa kikombe kizima. Kwa hiyo msikubali kupimiwa maji siku ya maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, peke yake.

Shimo lile tuliliziba kwa saruji. Mzee alinichagulia mahali pengine upande wa bara wa kiwanja, mbali na karo la choo, tukachimba kwa mkono kisima kipana kilichoingia ndani ya maji kwa mita moja na kidogo, basi. Upana ndio siri yake, kwa sababu maji huingia polepole kutoka pande zote bila kushuka sana. Pampu yangu ni ndogo kiasi cha kuchekesha; huvuta kwa muda wa saa moja alfajiri na muda kama huo jioni kujaza tangi la lita 2,000, na mwishoni mwa kiangazi, kabla ya masika, naipunguzia hata muda huo. Gharama yote haikufika robo ya ile ya kwanza. Maji ya kunywa bado tunayachemsha, kwani kwenye matumbawe uchafu hupenya upesi.

Mwezi uliopita kampuni ilinipigia simu kuniuliza kama sasa niko tayari kuongeza mita nyingine 20.