Siku moja maishani mwangu: fundi wa swichi za mtandao wa kompyuta, Mtwara

Saa 12 asubuhi. Chai haijachemka, laptopu iko wazi. Usiku kila swichi ya wateja wangu hutuma nakala ya konfigi yake, yaani mipangilio yake, kwenye seva yangu ndogo pale Chikongola. Asubuhi naangalia mstari gani umebadilika tangu jana. Hakuna.

Saa 2. Shangani, hotelini. Poti mbili (matundu ya kebo) za kamera, nikaseti, nikahifadhi, nikaondoka. Kuhifadhi ndiko wengi hukuruka: ulichobadilisha kinakaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, swichi ikizimika kimekwenda.

Saa 3 na nusu, simu. Ghala la korosho. "Binti, mtandao umekufa! Mizani haisomi kwenye kompyuta, malori yamejaa hadi barabarani."

Radi ya usiku. Kabla sijafungua kabati la mtandao nilishasikia harufu ya kuungua. Ninayo swichi ya akiba, modeli ileile, na faili la konfigi ninalo. Nikamwamkia mzee msimamizi, akaitikia marahaba huku anatazama saa.

"Si uichomeke tu?"

"Mzee, nikiichomeka hivi poti zote zinakaa VLAN moja, yaani kundi moja la mtandao. Mizani, uhasibu, kamera na wageni wa waifai, wote chumba kimoja."

"Sasa si ndiyo vizuri, wote wapate?"

Sikujibu. Nikachomeka kebo ya konso, ya kuongea na swichi moja kwa moja, spidi 9600, nikaipa swichi anwani ya IP, nikavuta faili kwa TFTP, njia ya kuhamisha faili mtandaoni, moja kwa moja kwenye startup-config, faili ambalo swichi husoma ikiwaka, nikaiwasha upya. Ikaanza kujiwasha taratibu kama mzee aliyeamshwa usingizini. Dereva mmoja akachungulia: "Dada, bado tu?" Vumbi la magunia linaingia puani, honi nje hazikomi, na mzee ananihesabia pumzi kisogoni.

Ikawaka. Mizani kimya.

"Nilikwambia," akasema mzee. Alichoniambia mpaka sasa sikijui.

Hapa ndipo vijana wa fildi hutoka jasho. Konfigi imerudi, poti ya mizani inasema iko VLAN 10, ila VLAN 10 yenyewe haipo. Swichi hizi za Cisco, kwa mpangilio wa kawaida, huweka orodha ya VLAN kwenye faili jingine, vlan.dat, ndani ya flashi, kumbukumbu yake ya kudumu. Ndiyo maana chini ya kila bekapu naandika orodha hiyo kwa mkono. 10 mizani, 20 uhasibu, 30 kamera, 40 wageni. Nikaziingiza, nikahifadhi. Gunia likapanda, namba ikatokea kwenye kioo, makuli wakapiga mluzi.

Funguo za SSH, njia salama ya kuingia kwenye swichi kwa mbali, nazo hazirudi na konfigi, nikatengeneza mpya. Seva yangu ikakataa kuongea na swichi kwa kuwa ufunguo si ule inaoujua. Nikafuta wa zamani, nikajaribu tena, ikakubali. Sijala. Sijui ni saa ngapi, ila adhana ya alasiri ilishapita zamani.

Ikaja ankara. Mzee akavaa miwani. "Swichi naiona. Hii 'kurejesha konfigi' ndiyo nini? Umekopi kifaili tu."

Ni kweli, kilobaiti chache. "Mzee, poti ya 17 ni ya nini?"

"Nitajuaje mimi?"

"Kifaili kinajua."

Akacheka, akasaini ya swichi. Hiyo nyingine tutaongea Jumatatu.